Jiwe la Mama na Mawe ya Baba

Kila asubuhi nilipofagia uwanja wetu nilikanyaga jiwe la baba. Simaanishi changarawe za kawaida ambazo mtu hukanyaga akasahau. Namaanisha jiwe lenye pembe kali ambalo baba alikuwa ameliokota huko alikokwenda, akalibeba mfukoni mwa koti mpaka mfuko ukatoboka, akalitazama mara mbili, kisha akaliacha palepale lilipoanguka. Nikilalamika aliniambia, "Angalia unapokanyaga, mayu. Hilo ni la aina yake." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baba aliniita hivyo kila alipotaka ninyamaze. Kwake kila jiwe lilikuwa la aina yake. Nyayo zangu tu ndizo zilizokuwa za aina moja, na zilikuwa zimejaa makovu.

Tulikaa mwendo wa saa moja kutoka sokoni Runzewe. Baba alikuwa mtu wa upande wa Shinyanga, na kabla ya kuoa alifanya kazi ya kuchekecha mchanga kwenye machimbo ya almasi karibu na Songwa. Alifanya miaka mitatu tu, lakini ukimsikiliza ungedhani almasi ziliumbwa yeye akiwa msimamizi. Baadaye alifuata dhahabu Geita, dhahabu hakuipata, akapata mke Msumbwa na shamba la mihogo. Alichotoka nacho huko kote ni jicho la mawe. Ng'ombe wa jirani aliweza kuingia mihogoni akala mchana kutwa baba asimwone, ila jiwe lenye rangi aliliona kutoka ng'ambo ya mto.

Mawe aliyoyapenda kuliko yote ni yale yenye rangi ya moshi. Mtaalamu mmoja wa serikali, aliyepita kijijini akipima miamba, alimwambia yanaitwa kwatzi ya moshi, na tangu siku hiyo hatukupumua. Tulifundishwa aina zake tukiwa tunakula. Kulikuwa na jeusi kama mkaa, ambalo ukilielekeza kwenye jua ndipo ukingo wake unaonyesha wekundu kidogo. Kulikuwa na la rangi ya chai isiyo na maziwa. La rangi ya asali. La kijivu lenye mistari kama mkia wa fungo. Mengine yalikuwa maangavu kwenye shina na meusi kwenye ncha, na moja lilikuwa na nyuzi nyembamba ndani, kama nywele zilizogandia kwenye sabuni. Hilo la nyuzi alilala nalo chini ya mto kwa mwezi mzima, mama akalala na shingo inayouma.

Ukimuuliza yana faida gani, alikuwa na jibu. Jeusi kubwa lilizuia mlango usipigwe na upepo. Mwalimu alichukua moja la kuzuia karatasi zake mezani. Katekista wa kigango chetu aliomba mawili ya kukandamiza kitambaa cha altare, kwa sababu kanisa lilikuwa bado halijawekwa madirisha. Yale madogo baba aliyagonga na kipande cha chuma kuwasha sigara yake ya kusokota, akiwa na kiberiti mfukoni. Mganga mmoja alikuja kuomba lile jeusi, baba akakataa. Nilifurahi nikidhani ni kwa ajili ya dini, kumbe ni kwa sababu lilikuwa zuri mno.

Katika nyumba hiyo iliyojaa mawe, jiwe moja tu lilikuwa na kazi ya maana, na halikuwa la baba.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Jiwe lake la kusugulia vyungu lilikuwa kwatzi ya moshi vilevile, ya rangi ya chai, kubwa kama yai la kuku lililobanwa upande mmoja. Alipewa na mama yake, ambaye naye alipewa na wake. Chungu kikishakauka nusu, unachovya jiwe kwenye maji na kusugua, taratibu, duara baada ya duara, mpaka udongo unafunga vitundu vyake na kuanza kung'aa. Chungu kisichosuguliwa vizuri kinavuja na kunywa mchuzi wako. Vidole gumba vya wanawake watatu vilikuwa vimelichimba kidogo jiwe lile upande mmoja. Kidole chako kikitulia pale, unajua umelishika sawa. Mimi ndiye niliyekuwa wa nne. Siku ambayo ningechoma vyungu vyangu mwenyewe, jiwe lingekuwa langu, na mama hakuwa na kitu kingine cha kunirithisha.

Ilikuwa miaka ile ambayo sufuria ziliadimika madukani, na watu wa Runzewe hata wa Katoro waliokuwa wamevitupa vyungu walirudi kuvitafuta kwa adabu. Mama alikuwa na kazi kuliko wakati wowote. Jiwe lilikaa kwenye bakuli jeupe la bati lenye maji, na jioni ilikuwa kazi yangu kulitazama humo, kulitoa, kumpa mama alifunge kwenye pindo la khanga yake, kisha kumwaga maji. Ni kazi ya dakika moja. Naieleza kwa sababu yote yaliyofuata yanarudi hapo.

Jambo jingine la kueleza ni mwiko wa kuchoma. Kwa akina mama wa upande wa mama yangu, siku ya kuchoma vyungu hakuna kugombana. Tangu magome na kinyesi kikavu cha ng'ombe vinapopangwa mpaka chungu cha mwisho kipoe, mwenye vyungu hapandishi sauti, maana hasira hupasua udongo. Basi baba aliugeuza mwiko huo kuwa sanduku lake la maungamo. Kila alilolikosea alilihifadhi mpaka siku ya kuchoma. Moshi ukianza kupanda tu, utamwona anakuja, mikono mgongoni, sauti imelainika. Siku moja kama hiyo ndipo alipomwambia mama kwamba jembe jipya alilibadilisha na jiwe huko Ushirombo. Mama alimtazama, akabana midomo, akatupia kinyesi kingine motoni. Vyungu vilipopoa kesho yake, hasira nayo ilikuwa imepoa nusu. Ujanja ule ulinikera kuliko makosa yenyewe.

Sasa akapita mchimbaji mmoja kutoka Geita, akalala kwetu, akamwambia baba kwamba jiwe la moshi ukilitia motoni rangi inatoka, linabaki jeupe kama maji. Hakusema uongo. Laiti angekuwa mwongo. Kwa mtu mwingine habari hiyo ingekuwa ya kushangaza tu, lakini kichwa cha baba kilikuwa kimelelewa Songwa, na katika kichwa hicho jiwe la kuthaminiwa lilikuwa moja tu, lile jeupe linalopitisha mwanga. Rangi yoyote ilikuwa uchafu. Akaamini kwamba mawe yake yote yalikuwa na uchafu, na kwamba ameonyeshwa sabuni.

Wanaume hawakaribii vyungu vikipangwa, kwa hiyo aliamka kabla yetu, akapenyeza mawe ndani ya vyungu vilivyokuwa tayari uwanjani. Hatukujua. Tuliwasha moto, na baada ya muda tukasikia mlio kama bisi zikikaangwa, ila bisi za ukubwa wa ngumi. Mawe yalikuwa yanapasuka na kupasua kila kilichokuwa karibu. Mama alisimama na fimbo yake ya kuchochea, machozi yanamtoka, hawezi hata kusema "Mungu wangu" kwa sauti. Baba akaja, mikono mgongoni.

"Ni mimi," alisema. "Niliweka machache mle ndani. Nilikuwa najaribu tu."

Vyungu vinne vilipona. Kesho yake mama alianza kusema saa ya kukamua ng'ombe akamaliza wakati wa chakula cha mchana, na kwa mara ya kwanza nilimwona baba akisikiliza. Nikadhani yamekwisha. Halafu nikamkuta amechuchumaa kwenye vigae, anachambua, ameshika kijiwe kidogo kama punje ya haragwe. Kilikuwa cheupe kabisa, na baba aliyekuwa amekishika alikuwa anatabasamu.

Alijifunza. Hilo ndilo lililonitia wazimu, kwamba alikuwa na akili. Aligundua kwamba mwali unapasua lakini majivu ya moto hayapasui, ukilipasha jiwe polepole na kuliacha lipoe polepole, hata siku mbili. Akachimba shimo nyuma ya jiko. Mawe yakawa yanatoka meupe, mengine ya manjano hafifu, mengine yenye nyufa ambayo aliyatupa kwenye kona ya uwanja, pale tulipokuwa tunamwaga maji machafu, mpaka kona nzima ikawa inametameta. Kisha akataka kujua kama ameumba almasi. Almasi inakata kioo, akasema, akachukua kioo cha taa yetu ya chemli na kukichora. Kikachorwa. Kikapasuka. Nilimwambia mwalimu ametufundisha kwamba hata kwatzi inakata kioo. Akaniambia mwalimu hajawahi kuchekecha mchanga. Kioo kingine cha taa hatukukipata dukani mwaka huo, tukarudi kwenye kibatari, na pua zetu ndizo zikawa na rangi ya moshi.

Kwa kuwa mawe yake yote yalikuwa na nyufa au pembe, jicho lake lilianza kulitembelea bakuli la mama. Alimwomba mara moja. Mama alimjibu, "Hilo si jiwe, hilo ni mkono wangu." Akaacha kuomba. Ningepaswa kuogopa, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kuacha.

Mama alipata msiba Ushirombo, akaenda kukaa juma zima. Vyungu alikuwa ameshavisugua, vimepangwa ndani vinakauka, vikisubiri arudi tuvichome. Jiwe aliniachia mimi, akanifungia mwenyewe kwenye pindo la khanga. Siku ya pili nilikwenda kuoga mtoni nikaiacha khanga kwenye kamba. Niliporudi fundo lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena vizuri, kwa adabu zote, bila kitu ndani.

"Baba, jiwe la mama liko wapi?"

"Liko jikoni, mayu. Linapumzika."

Lilikuwa shimoni, chini ya majivu, tangu nilipokwenda mtoni. Nikashika jembe kulifukua. Hakunizuia hata kidogo. Alisema tu, "Ukilitoa sasa, likipigwa na upepo litapasuka. Basi utamweleza mama yako kwamba ni wewe." Akaenda zake kunywa togwa kwa jirani. Nilisimama pale na jembe. Kisha, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine, nikaanza kulilinda shimo lile. Siku mbili nilikuwa naongeza makaa moto ulipotaka kufa, nafunika na majivu ulipotaka kuwaka, nafukuza kuku, nachochea kwa mikono yangu jambo nililokuwa nalilaani kwa mdomo. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia baba siku hizo mbili.

Lilitoka zima. Halikuwa na ufa hata mmoja, na rangi yote ilikuwa imeondoka; ungeliweka kwenye ukurasa wa misale ukasoma Injili. Baba alilishika kama anashika Ekaristi. Keshoye tulipanda lori kwenda Katoro, yeye na jiwe lake, mimi na vyungu viwili vya kuuza, kwa sababu nilikataa kuliacha jiwe liende bila mimi.

Mnunuzi alikuwa mzee wa kofia mwenye asili ya pwani, aliyezaliwa hukuhuku bara, mpole, anayenunua dhahabu ya wachimbaji na vijiwe vya pete. Baba aliamkia, akaketi, akafungua kitambaa chake kwa mwendo wa padri. Yule mzee alilitazama jiwe, akalipima uzito kiganjani, akaligusisha shavuni.

"Kwatzi," alisema. "Safi. Lakini nyeupe kama hii, bwana, naipata kila mto. Sinunui." Kisha akanyoosha mkono kutuonyesha pete yake. Ilikuwa na jiwe la rangi ya chai isiyo na maziwa. "Ninayoitafuta ni hii. Yenye moshi wake. Watu wanaitaka ya pete, ya tasbihi, ya mkufu, lakini kubwa isiyo na ufa haipatikani. Ukiiona hiyo, niletee."

Baba alilifunga jiwe tena kwenye kitambaa chake. Mimi nilianza kucheka, kicheko kibaya, mpaka yule mzee akaniletea maji. Njia nzima ya kurudi baba alitazama miti.

Mama alirudi, tukapanga magome, na moshi ulipoanza kupanda baba akaja na mikono mgongoni. Alimpa jiwe, akamweleza yote mpaka ya Katoro. Mama aliligeuza mkononi muda mrefu. Alitafuta lile bonde la kidole, akalipata, kidole kikatulia. "Litafanya kazi," alisema, akaendelea kuchochea. Na lilifanya. Vyungu viling'aa kama zamani. Alilalamikia jambo moja tu, kwamba lilikuwa halionekani majini. "Nalipapasa kwenye bakuli kama kipofu," alikuwa akiniambia.

Yapata mwezi baadaye, jioni moja, nilichukua bakuli, nikatazama. Miaka yote nilikuwa natazama doa la kahawia kwenye bati jeupe. Sikuona doa. Nikajua mama ameshalitoa na kulifunga kwenye khanga, maana mara nyingine alifanya hivyo. Nikamwaga maji kwenye kona. Kitu kiligonga, ko, nikadhani ni kigae. Niligeuka nikaingia ndani kusonga ugali.

Kesho yake mama aliuliza jiwe, na kabla sijafumbua mdomo alikuwa ameshamgeukia baba. "Umelirudisha Katoro." Baba akaapa. Mama akamwambia hata jembe lilipopotea aliapa kwanza. Nami nilikuwa nimesimama pale, nimeshaelewa, nasikia ule mlio upya. Nilinyamaza. Nitasema ukweli, mwanzoni nilinyamaza kwa furaha. Mtu huyu aliyetutesa miaka yote kwa ujanja wake, hatimaye amekamatwa, na hakuna moshi wa kumwokoa. Nilisema moyoni acha aonje, nitalitafuta, nitalirudisha, litakwisha. Nilitafuta kona ile kwa siku nyingi, nikijifanya nafagia. Lakini kona ile ilikuwa na mamia ya vipande vyeupe, vyote vya baba, vyote vinametameta, na mvua zikaanza, udongo ukafunika vingine na kufunua vingine. Nilipokata tamaa, kusema kulikuwa kumeshakuwa kugumu.

Baba aliacha kuokota mawe. Tuliona ajabu, kisha tukasahau kuona ajabu. Alikuwa na kwatzi moja ya rangi ya chai aliyokuwa amebaki nayo, yenye pembe sita, na kila alasiri alikaa nyuma ya jiko akiisugua kwenye jiwe la kunolea kwa mchanga na maji. Kwatzi ni ngumu, hailiki. Alisugua msimu mmoja wa mvua mpaka mwingine. Kucha ziliisha, ncha za vidole zikawa laini kiasi kwamba alilalamika akishika kikombe cha chai. Nilimwambia anatutia aibu kwa majirani. Ndivyo nilivyomwambia.

Alilileta jiwe hilo la chai kwa mama asubuhi moja ya kawaida. Nalikumbuka hilo zaidi ya yote, kwamba haikuwa siku ya kuchoma. Hapakuwa na magome wala moshi. Mama alikuwa anamenya mihogo, ana kisu mkononi na ruhusa ya kusema lolote.

"Lile sikuliuza," baba alisema. "Ila chukua hili."

"Sikuamini," mama alisema.

"Najua."

Akaliweka kwenye bakuli la bati, nililokuwa nimelishika mimi. Likazama, likaonekana vizuri kabisa chini ya maji. Mama alilitumia maisha yake yote yaliyobaki, na hakumwomba radhi, maana kwa alivyojua yeye, hakuwa na sababu ya kumwomba.

Wote wawili wamelala kaburini sasa, na jiwe liko kwangu. Si zuri. Upande mmoja kuna pembe ambayo baba hakuimaliza, na kila chungu ninachosugua kinabaki na mchirizi mwembamba karibu na mdomo. Wateja huuliza kama hiyo ni alama yangu. Nawaambia ni ya baba, mtu ambaye hakuwahi kumaliza kitu, na ninagombana naye peke yangu huku nasugua. Siku za kuchoma huwa sigombani na mtu. Mama alichoma vyungu miaka mingi baada ya hapo, na katika siku hizo zote asingeweza kunijibu kwa hasira, hata ningemwambia ni nani aliyelimwaga jiwe lile. Mimi nilikuwa pembeni yake, nachochea moto.